Oti gramu 40 ni kikombe kiasi gani? Sina mizani

#1 BintiLangoni

Assalaam aleikum wana jikoni. Nna swali dogo lakini limenikwaza.

Napika chai ya asubuhi kwenye nyumba moja ya wageni huku Shela, Lamu. Wageni wakishakula mahamri na mbaazi siku mbili tatu, huanza kuulizia uji wa oti. Mwenye nyumba ameniachia daftari la mapishi, na kila ukurasa una vipimo vyake. Huku "oti gramu 40, maziwa mililita 300 kwa mtu mmoja", kule "vikombe viwili vya oti" basi, hakuna maelezo. Biskuti nazo zinataka "aunsi 8". Mizani sina, na siwezi kumgongea mwenye duka alfajiri kila siku anipimie uji.

Nimetafuta kwa simu. Jedwali moja linasema kikombe cha oti ni gramu 80, la pili 90, la tatu 100. Nifuate lipi?

#2 Jikoni_Malindi

Waaleikum salaam dada. Hayo majedwali hakuna linalodanganya. Kila mmoja alijaza kikombe chake, kwa oti zake, kwa mkono wake, akaandika alichokiona. Ukikaa katikati, gramu 90 kwa kikombe cha mililita 240 au 250, hutapotea mbali kwa uji.

Shida ya oti ni hewa. Maji yakijaa kikombe hayaachi nafasi, lakini oti ni vipande bapa vinavyolaliana ovyo, na katikati yake pana uwazi tele. Ukichota taratibu kwa kijiko unapata uzito mmoja. Ukikichovya kikombe ndani ya kopo na kukigonga mezani, vipande vinalala na unapata mwingine. Ukishindilia kwa kiganja ndio kabisa. Kwenye jiko letu la hoteli hapa Malindi niliwahi kuwapanga vijana, kila mmoja apime "kikombe kimoja" cha oti kutoka kopo lile lile. Aliyechota kwa upole alipata gramu 84. Aliyegonga gonga alipita 100. Kikombe kile kile, na wote wawili walikuwa wamekata juu kwa mgongo wa kisu!

Sisi tulihamia kwenye gramu zamani kwa sababu ya wageni wa Kiitaliano. Wao mapishi yao karibu yote ni ya mizani. Unga, mchele, hata jibini. Utasikia mtu anaagiza "etto" mbili, maana yake gramu 200, kwani etto moja ni gramu 100. Ukimwambia kikombe anakuuliza kikombe kipi.

#3 BiMkomani

Mwanangu, uji na mizani wapi na wapi? Sisi tumelea watoto kwa upawa na jicho. Tia oti, tia mai, ukiona mzito ongeza. Yana nimepika wa wajukuu, hapana aliyeniuliza gramu.

#4 BintiLangoni

Bi, shikamoo. Ningekuwa nawapikia wajukuu nisingeuliza 😂 Hawa wa kwangu mmoja akipata bakuli zito na mwenzake jepesi, mwenye nyumba ananiita.

#5 BiMkomani

Marahaba. Basi ngojea hao wenye hisabati.

#6 MpitaNjia254

Kwani mnazungusha nini? Kikombe ni ml 250, kwa hiyo oti ni gramu 250. Gramu 40 ni sawa na ml 40. Mwisho wa uzi.

#7 Mwalimu_wa_Hesabu

Ndugu MpitaNjia, usiufunge bado. Gramu na mililita hulingana kwa maji. Mililita 250 za maji ni gramu 250, sawa. Jaza kikombe hicho hicho asali, utapita gramu 340. Kijaze oti, hufiki hata 110 bila kushindilia. Dada angefuata hesabu yako ya ml 40, mgeni angeletewa maziwa ya moto yenye oti za kuhesabu kwa kidole.

Sasa dada BintiLangoni, nikufanyie pole pole.

Kwanza kijue kikombe chako. Neno "kikombe" katika mapishi si kimoja. Cha Marekani ni kama mililita 237, na kwenye maandishi ya lishe ya pakiti zao wanahesabu 240. Cha Australia ni 250. Japani wana cha 200. Kikombe chako cha chai cha udongo huenda kikawa 180 au 300, hakuna anayejua mpaka ukipime. Huhitaji mizani kwa hilo. Chukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, mpya, haijafunguliwa. Ijaze kikombe. Ikijaza vikombe viwili kamili, una kikombe cha 250. Ikijaza viwili na ikabaki kidogo, kiko chini ya hapo. Na ujaze mpaka usawa ule ule utakaokuwa ukijazia oti, yaani ukingoni. Watu wengi hupimia maji mpaka chini ya ukingo ili yasimwagike, halafu oti wanajaza mpaka juu.

Pili, zijue oti zako. Hapa pia mizani huhitaji, kwa sababu kiwandani wameshakupimia. Pakiti imeandikwa gramu 500? Nunua mpya, mimina yote kwenye sufuria kavu, kisha uchote kikombe kimoja kimoja kwa mtindo mmoja, ukate juu kwa kisu, uhesabu vinatoka vikombe vingapi. Gawa 500 kwa hiyo hesabu. Jibu ndilo gramu za kikombe chako, kwa oti zako, kwa mkono wako. Hakuna jedwali la intaneti litakalokupa jibu zuri kuliko hilo.

Ukitaka kanuni ya kutembea nayo: oti za kawaida za kubanwa bapa zina gramu kama 0.38 kwa kila mililita. Una gramu unataka mililita, gawa kwa 0.38. Una mililita unataka gramu, zidisha kwa 0.38. Gramu 40 gawa kwa 0.38 ni kama mililita 105. Hapo utaona hata bila pakiti kwamba ni chini kidogo ya nusu kikombe cha 250.

#8 DukaLaBandarini

Mwalimu umesema vyema, ila mtu akinunua oti za kupimiwa, si za pakiti, aangalie anachota kutoka wapi. Mimi nauza kutoka gunia. Juu ya gunia oti ni nzima, pana, zinaonekana vizuri. Ukifika chini ni vipande na vumbi tupu. Mzigo umeshuka lori Mokowe, umeingia mashuani, umeshushwa, umebebwa na punda mpaka mlangoni, njia nzima unatikiswa. Vilivyovunjika vinateremka, na vumbi linaziba zile nafasi alizozitaja Jikoni_Malindi. Kikombe cha chini ya gunia kinakuwa kizito kuliko cha juu, na uji wake unaganda haraka, unakuwa kama gundi.

Kwa hiyo mteja anayenunua kwa kilo hapunjwi, kilo ni kilo, na mizani ya duka sheria inataka ikaguliwe na kupigwa muhuri (Sura ya 513 ya sheria za Kenya hiyo, wenye maduka tunaijua). Anayenunua kwa kopo ndiye anayebahatisha. Mara apate zaidi, mara apungukiwe, na muuzaji hana kosa.

#9 MpitaNjia254

Mwalimu nimekubali. Lakini asali 340? Kikombe kile kile?

#10 Mwalimu_wa_Hesabu

Kile kile. Ukibahatika kupata mizani ijaribu.

#11 Ustadh_Pwani

Mada imenivutia kwa sababu kila mwisho wa Ramadhani tunaletewa swali hili hili, ila la mchele. Zakatul-fitri imekuja kwa kipimo cha ujazo. Hadithi inataja pishi ya tende au pishi ya shayiri. Pishi hapo ni saa', na saa' moja ni mudi nne, na mudi ni kujaza viganja viwili vya mtu wa wastani. Pishi yetu ya zamani nayo ilikuwa vibaba vinne. Hakuna kilo humo ndani.

Kilo zimekuja baadaye, na ndipo watu wakaanza kutofautiana. Utasikia kilo mbili na kitu, utasikia mbili na nusu, utasikia tatu. Wapo wanaodhani mashekhe wanapingana katika dini. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni hiki hiki mnachokizungumza, kwamba ujazo mmoja haubebi uzito mmoja. Pishi ya mchele wa pishori, pishi ya unga na pishi ya tende zilizokaushwa haziwezi kulingana mizanini. Pishi hiyo hiyo ukiijaza hizi oti zenu haitafika hata kilo moja na nusu.

Kwa hiyo asiambiwe mtu "toa kilo kadhaa" bila kuambiwa za nini.

#12 BiMkomani

Ahsante Ustadh. Kibaba cha mti cha mamangu ningali nnacho, cheusi ti kwa kushikwa. Watoto wamekifanya cha kutilia kalamu.

#13 Jikoni_Malindi

Bi, usiwaachie! Hicho ni kipimo kuliko vikombe vya plastiki vya sokoni, ambavyo vingine vimeandikwa 250 na ukitia maji vinakataa.

#14 BintiLangoni

Mwalimu nimefanya ulivyosema. Chupa ya nusu lita imejaza kikombe changu mara mbili, haikubaki hata tone, kwa hiyo ni cha 250. Pakiti ya gramu 500 imetoa vikombe vitano na nusu, nikichota kwa kijiko na kukata juu, bila kugonga. Nimegawa, nimepata kama 91.

Kwa hiyo gramu 40 ni nusu kikombe kasoro kidogo? Na wageni sita, gramu 240, ni vikombe viwili na nusu na kitu?

#15 Mwalimu_wa_Hesabu

Barabara. 240 gawa kwa 91 ni 2.64. Vikombe viwili na nusu, juu yake vijiko viwili vya mezani vya kufutwa na kidogo. Maziwa ni lita moja na mililita 800, yaani vikombe saba na robo kasoro kidogo tu.

Ukiangalia vizuri utaona huna haja tena ya gramu kwa uji. Umeshajua kwamba daftari linataka kikombe kimoja cha oti kwa vikombe viwili na robo tatu hivi vya maziwa. Andika hivyo ukutani. Ukipika wa wawili au wa kumi, uwiano ni ule ule, na hata kikombe kikivunjika ukachukua kingine, madhali oti na maziwa unapimia chombo kimoja, uji hautabadilika.

#16 Jikoni_Malindi

Naongeza hapo kwa Mwalimu. Uwiano hutegemea mtu anapenda uji wa namna gani. Pakiti za Kimarekani huandika nusu kikombe cha oti kwa kikombe kimoja cha maji, yaani moja kwa mbili, unatoka mzito unaosimama kwenye kijiko. Hilo daftari lako la gramu 40 kwa ml 300 ni mtindo wa Waingereza, mwepesi. Muulize mgeni anatoka wapi kabla hujawasha jiko 😄

Lakini biskuti ni habari nyingine. Kwenye uji ukizidisha gramu 20 unaongeza maziwa na hakuna atakayejua. Kwenye biskuti ukizidisha, zinatoka kavu, zinavunjika mkononi. Ukipunguza, zinatandaa kwenye trei mpaka zinashikana. Siagi na sukari haviwezi kukusamehe.

Na hapo kwenye "aunsi 8" tulia kabisa. Kuna aunsi za uzito na kuna aunsi za ujazo. Aunsi moja ya uzito ni gramu 28.35, kwa hiyo aunsi 8 ni gramu 227. Aunsi za ujazo 8 ndizo zinazofanya kikombe kimoja cha Kimarekani. Mtu akiona 8 anasema "aa, kikombe kimoja", anatia gramu 90 mahali pa 227. Mapishi ya zamani ya Waingereza yakisema aunsi kwa kitu kikavu, ni uzito.

#17 BintiLangoni

Yaani ni vikombe viwili na nusu, si kimoja! Alhamdulillahi sijawasha oveni.

#18 Jikoni_Malindi

Viwili na nusu vya kwako, naam. Vya kufutwa.

#19 mama_wa_Faza

Naomba kuingilia. Mume wangu ameambiwa na daktari apime chakula, na kwenye karatasi wameandika oti gramu 40 asubuhi. Yeye anapimia kijiko cha mezani. Ni vijiko vingapi?

#20 Mwalimu_wa_Hesabu

Pole mama. Kijiko cha mezani cha kupimia ni mililita 15. Kikifutwa juu kinabeba oti kama gramu 5 na nusu mpaka 6, kwa hiyo saba vya kufutwa vinakaribia gramu 40. Tatizo ni kwamba hakuna anayekifuta kijiko cha oti. Mtu huchota kwa kilima, na kijiko cha kilima kinaweza kubeba karibu mara mbili. Saba vya kilima vinakaribia resheni ya watu wawili. Halafu vijiko tunavyolia wali nyumbani si vya kupimia. Kimoja kina 10, kingine 18.

#21 Jikoni_Malindi

Kwa mgonjwa mimi ningenunua mizani ndogo ya jikoni ya betri. Si ghali kama watu wanavyodhani. Uweke bakuli juu, ubonyeze isome sifuri, umwage oti mpaka 40. Na mama, muulize daktari kama hiyo 40 ni kavu au iliyokwisha kupikwa. Kwa kawaida ni kavu, ila hilo ni la kuulizwa, si la kukisiwa. Ikishapikwa na maziwa yale ml 300, bakuli zima linapita gramu 300.

#22 mama_wa_Faza

Shukran sana. Nitamuuliza kliniki Jumatatu. Vilima vyake navijua mimi 😅

#23 Msafiri_Manda

Mimi nina pakiti niliyoletewa na rafiki kutoka Uingereza. Oti zenyewe si bapa, ni kama mchele uliokatwakatwa. Nimetumia hiyo 91 ya dada, nimepata sufuria la zege.

#24 Jikoni_Malindi

Hizo ni oti za kukatwa kwa chuma, punje nzima imekatwa vipande viwili vitatu, haikubanwa. Hazina uwazi mwingi katikati, zinajipanga kama mchele. Kikombe chake ni gramu kama 160 mpaka 175, karibu mara mbili ya bapa. Ndiyo maana pakiti za Kimarekani zikitaka gramu 40 za bapa zinasema nusu kikombe, na zikitaka gramu 40 za hizi zinasema robo kikombe. Gramu ni zile zile, kikombe ndicho kimegawanyika.

Maji nayo yanabadilika. Kikombe kimoja cha hizo kinataka vikombe vitatu mpaka vinne, na moto mdogo dakika 20 hadi 30. Zile bapa zinaiva haraka kwa kuwa zimeshapitishwa mvuke kiwandani kabla ya kubanwa. Na zile za "dakika moja" zimekatwa kwanza, kisha zikabanwa nyembamba zaidi. Kikombe chake kinaweza kuzidi kidogo cha bapa nzima, kwa ile ile sababu ya vipande vidogo kujaza nafasi.

Ukiona pishi limeandikwa "kikombe cha oti" bila kusema zipi, chukulia ni bapa.

#25 Msafiri_Manda

Zege limeeleweka. Kuku wamekula.

#26 BintiLangoni

La mwisho, halafu nawaacha mpumzike. Kuna ukurasa wa chapati laini za oti, unataka "unga wa oti kikombe kimoja". Nikisaga kikombe kimoja cha oti nitapata kikombe kimoja cha unga?

#27 Jikoni_Malindi

Hutapata. Uzito haubadiliki ukisaga, gramu 91 zinabaki 91, lakini uwazi unapungua, kwa hiyo unga unashuka mpaka robo tatu ya kikombe hivi. Saga kikombe kimoja na theluthi, kisha pima unga wenyewe. Usiupime moto moto kutoka kwenye mashine. Umejaa hewa, unadanganya. Uache utulie, ukoroge kidogo kwa uma, ndipo uchote.

#28 DukaLaBandarini

Na funga kopo lako dada. Huku kwetu msimu wa mvua oti zinavuta unyevu, zinalegea kwanza kabla hata hazijaharibika. Oti zilizovuta maji zina uzito wa maji ndani yake, na zinashikana, hata kuchota kwa kijiko hakutoi kipimo kile kile. Kopo la bati lenye kifuniko cha kubana, si mfuko uliofungwa kwa kibanio cha nguo.

#29 BintiLangoni

Nimeshahamishia kopo la bati. Nimeandika kwenye kifuniko kwa kalamu ya wino mzito: "Kikombe changu 250. Oti bapa 91. Mtu 1 = nusu kasoro. Usigonge." Msichana wa zamu ya Ijumaa naye asije akashindilia.

Ustadh, Mwalimu, Jikoni, Bi, Allah awalipe.

#30 BiMkomani

Amin. Na chumvi je? Mbona hapana aliyetaja chumvi?

#31 Jikoni_Malindi

Punje mbili tatu kwa vidole, Bi. Hiyo mpaka leo hatupimi.

#32 MpitaNjia254

Nimerudi. Daftari la kwangu linasema maziwa gramu 300, si mililita. Nisichekwe tena, ni mililita ngapi?

#33 Mwalimu_wa_Hesabu

Maziwa ni mazito kidogo kuliko maji, gramu 1.03 kwa mililita. Gramu 300 ni kama mililita 291. Hapo ukisema ni sawa, sitakugombeza.